Jina Langu Kwenye Daftari la Kileleni

Jumapili, 3 Agosti

Mlima umetoka mapema leo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ulikuwa wazi kabisa, hauna wingu hata la dawa. Majirani wote nje, miswaki mdomoni, wanautazama. Ndivyo tulivyo hapa. Mlima ukionekana, watu hawaamkiani. Wanaambiana tu kwamba umetoka, basi, siku imeanza vizuri. Umo kwenye nembo ya shule, kwenye jezi za timu, kwenye mabango ya maduka, kwenye nyimbo za kwaya zote tatu. Umo pia kwenye pazia la studio yangu. Nimeuchora mwenyewe, kilele kimoja, chembamba, kimenyooka. Maharusi wote wa mji huu wamepiga picha mbele yake.

Na mimi ndiye ninayeujua Mlima kuliko wote. Hivyo ndivyo watu wanavyosema. Sijawahi kuwakatalia.

Wewe shajara ni wa ndani, nikwambie. Sijawahi kuupanda.

Usinitazame hivyo. Miaka ishirini na miwili iliyopita, baba mkwe wangu, mpima ardhi, mtu wa penseli sikioni, alitangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba hamwozeshi binti yake mwanaume ambaye hajafika kileleni. Nikaondoka kwenda kupanda. Kweli nilikwenda! Nikafika bomba la pili la maji, mvua ikashuka, nikarudi. Siku hiyo hiyo nikavaa buti za kuazima, nikajipaka udongo usoni, nikasimama mbele ya pazia la studio ambako nilikuwa msaidizi. Picha ilitoka nzuri mno. Nyuma yake nikaandika: Kileleni, 14 Juni. Pembeni chini ulionekana mguu wa stuli. Nilisema ni mzizi.

Mzee akaitia fremu. Mpaka leo iko sebuleni kwake, juu ya redio. Nikapewa mke. Tangu hapo kila mwaka huenda shule za msingi kuwasimulia watoto nilivyoupanda. Chumvi imeongezeka kidogo kidogo. Mwaka juzi niliingiza tai.

Leo mchana Kinyozi kaja. Duka lake na studio yangu vinachangia ukuta, na yeye ndiye katibu wa kamati ya Mbio za Mlima. Kasema Daftari la Kileleni limejaa. Hilo ni lile daftari nene lililomo kwenye sanduku la bati kule juu. Kila anayefika huandika jina na tarehe, na halijawahi kushushwa tangu lilipowekwa, miaka ishirini na mitano. Jumamosi hii ni siku ya mbio. Mkimbiaji wa kwanza kufika kileleni atalishusha, na uwanjani yatasomwa majina ya watu wote wa mji huu waliowahi kufika. Kwa sauti. Kwenye kipaza sauti.

Akatabasamu. Kinyozi hajawahi kuniamini hata siku moja.

Nimekula chakula cha mchana bila kujua nakula nini. Mke wangu kaniuliza kama chumvi inatosha. Nimeshtuka mpaka nikaangusha kijiko.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamka na mpango. Mzuri! Daftari lisishuke. Basi. Lisiposhuka halisomwi.

Kamati imekutana kwenye duka la Kinyozi, wengine wamekalia viti vya kunyolea. Mwenyekiti ni baba mkwe. Nikaomba nafasi. Nikasema Mlima ni mkubwa wetu sote, na mtu hachukui kitu mapajani mwa mkubwa wake bila kuomba. Nikasema vizazi. Nikasema heshima. Nikasema utamaduni mara tisa. Nilipofika kwenye babu zetu waliokuwa wakiutazama Mlima kabla ya kupanda mbegu, sauti ikanikatika yenyewe, sikuipanga. Loo, nilikuwa mzuri!

Baba mkwe akatoa kitambaa, akafuta macho. Kumbe kafuta macho ili anione vizuri. Akasema mtu anayeupenda Mlima namna hii hawezi kukaa chini juani na watu wengine Jumamosi. Atakaa jukwaani, ubavuni pake, wakati yeye mwenyewe akisoma majina. Na akifika kwenye jina la mkwe wake atatua kidogo, ili watu wapate kupiga makofi.

Kuhusu daftari kushuka, wote wakakubali lishuke. Hakuna aliyeelewa kwamba nilikuwa napinga.

Kinyozi kaniuliza kama nataka ninyolewe kabisa kwa ajili ya jukwaani. Nimemwambia nitakuja. Sitakwenda. Mtu yule na wembe, na mimi na roho hii? Aka!

Jumanne, 5 Agosti

Sikupata usingizi, lakini nimepata akili. Sikiliza.

Mimi ni mpiga picha. Daftari ni la kale. Karatasi za kale zinachanika. Je, si vyema kila ukurasa upigwe picha kwanza, ibaki kumbukumbu? Nani apige? Mimi! Bure! Daftari litaletwa studio, nitafunga mlango, nitawasha taa, mimi na daftari na kalamu. Dakika moja tu inatosha. Jina na tarehe. Historia itakuwa imerekebishwa na kila mtu atakula raha.

Nikamwendea baba mkwe kwake. Akafurahi kupita kiasi. Akamwita Kinyozi kwa simu. Kinyozi akaja na makaratasi, akavaa miwani, akasoma kanuni ya saba ya mbio: Daftari halitoki kileleni ila mikononi mwa mkimbiaji wa kwanza. Kwa hiyo, akasema, haliwezi kuja studio.

Nikasikitika kwa sauti. Nikasema ndiyo basi, tutafanyaje, kanuni ni kanuni.

Kinyozi akasema hakuna tatizo. Studio ndiyo itakwenda kwa daftari. Mpiga picha apande Alhamisi, apige picha, ashuke. Njia si anaijua?

Juu ya redio mimi wa kwenye picha nikijiangalia, na udongo wangu usoni.

Baba mkwe kapiga makofi mpaka mama mkwe kachungulia kutoka jikoni. Kasema nitafuatana na mwanawe wa mwisho, shemeji yangu, yule tunayemwita Kilomita, kwa vile ni mkimbiaji na huwapandisha wageni kila wiki. Akakazia kwamba sio aniongoze, la hasha. Anibebee tu kamera.

Nimepatikana.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya mazoezi. Nimeegemeza ngazi ukutani nyuma ya studio, nimepanda darini na kushuka mara kumi. Mara ya sita mapaja yakaanza kuongea. Kinyozi akatoa kichwa dirishani kuuliza natafuta nini. Nimesema bati linavuja. Akatazama mbingu. Hakuna mvua tangu mwezi wa tano.

Mke wangu ni muuguzi wa zahanati, na muuguzi akikufungia safari anafunga kama unakwenda kufanyiwa upasuaji. Soksi jozi tatu. Glukosi. Bandeji. Mkate. Akaniuliza kama naikumbuka njia. Nikasema kama ninavyokumbuka njia ya chumbani kwangu. Akaingia jikoni haraka na kufunga mlango. Nikamsikia anakohoa muda mrefu. Nadhani ni vumbi.

Nitasema ukweli hapa maana hapa hapasomwi na mtu. Simwogopi Kinyozi. Hata baba mkwe namwogopa nusu nusu tu. Namwogopa yeye. Mwanamke yule alikuwa na wachumba wengine wawili, mmoja na gari. Akanichagua mimi, mtu wa Mlima. Miaka yote hii akiwa na wageni hunisogelea, huniwekea mkono begani na kusema huyu bwana alipanda kwa ajili yangu. Jumamosi akisikia majina yote yamekwisha na langu halimo, ule mkono atauweka wapi?

Kalamu tatu mfukoni: ya bluu, nyeusi, nyekundu. Chochote walichotumia mwaka ule, ninacho.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika polepole. Mambo ni mengi.

Saa kumi na mbili asubuhi tuko getini. Kilomita kabeba begi la kamera na bado anaruka ruka. Mimi nimetangulia, maana ndiye mjuzi. Njia panda ya kwanza nikashika kushoto kwa kujiamini kabisa. Kilomita akaguna kwa adabu. Akasema shemeji, kule ni kwenye mizinga ya nyuki. Nikasema najua, nilitaka kuona kama bado ipo. Akasema imewekwa mwaka jana. Nikasema ndiyo maana sasa.

Msitu. Maji yanadondoka kila mahali, nyani wanatucheka waziwazi. Kila hatua mia nasimama kupiga picha ili nipumue. Nimepiga picha arobaini na moja za kuvu wa kwenye magogo. Kilomita kauliza kuvu wote hawa ni wa nini. Nimemwambia ni kumbukumbu. Alikuwa akiongea na simu huku anapanda, bila kuhema, na mtu fulani anayeitwa mpenzi. Kijana hana haya.

Bomba la pili la maji tumelipita saa mbili. Nimeligusa kidogo. Tunajuana.

Juu ya msitu miti ikaisha, ikawa nyasi na mawe, na mawingu yakawa chini yetu. Chini! Nimeyatazama maisha yangu yote kutoka tumboni, leo nimeyaona mgongo. Yakafunguka kidogo na mji wetu ukatokea, mdogo hivi, unaweza kuufunika kwa kidole gumba. Nikaufunika. Nikamfunika na Kinyozi humo humo.

Saa tano na nusu tukafika kileleni. Nilijua ni kileleni kwa sababu ndivyo kilivyo kwenye pazia langu, chembamba, kimenyooka. Nikapiga magoti. Nikanyoosha mikono. Nikalibusu jiwe. Nikatoa ile hotuba ninayotoa mashuleni, yote, na tai nikamtia. Kilomita akasubiri mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa upole sana kwamba shemeji, hapa huwa tunakunywa maji. Kilele kile pale.

Nikageuka. Nyuma, juu zaidi, kumesimama kitu kingine. Kipana. Kina pembe mbili. Kutoka mjini hakionekani kabisa! Miaka ishirini na miwili nachora, naeleza, nauza picha za kituo cha kunywea maji!

Nimemwambia najua, nilikuwa nafanya mazoezi. Akasema sawa. Kijana ana adabu, nimeanza kumpenda.

Saa moja iliyofuata sitaki kuikumbuka. Nilipanda kwa mikono, kwa magoti, kwa kidevu. Mara mbili nilitaka kulia, mara moja nikalia, nikasingizia upepo. Nilimwambia Kilomita aniache hapo nife, awasalimu nyumbani. Akanipa glukosi.

Halafu hakukuwa na pa kupanda tena.

Hotuba nikaisahau yote. Mimi! Kumbe Mlima una upande wa pili. Kule kuna ziwa, na mashamba, na mji mwingine wenye mabati yanayong'aa, na watu ambao kila asubuhi nao wametoka na miswaki yao kuutazama, wakidhani upande wao ndio wa mbele. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa na furaha mpaka kifua kikauma. Nikataka mke wangu awepo. Hilo ndilo wazo la kwanza lililonijia, kabla hata ya daftari.

Kilomita akashuka kidogo nyuma ya pembe moja kutafuta mtandao, mpenzi alikuwa amekatika. Dakika kumi! Nikafukua sanduku, nikafungua daftari, nikatoa kalamu tatu. Ebo! Kurasa zote zimeandikwa kwa penseli. Kwa baridi ya kule wino hautoki, nani angejua? Nikapekua begi. Bahati! Penseli ninayorekebishia picha za zamani. Nikatafuta mwaka, nikatafuta mwezi. Kumi na nne Juni, wamo watu watatu, na chini pana nafasi. Nikaandika jina langu lote. Kwenye safu ya maoni nikaandika: Hali ya hewa nzuri. Nikapuliza vumbi. Kazi imekwisha. Mimi ni mkweli sasa!

Nikaweka stendi, nikaanza kupiga picha kurasa kwa haki kabisa. Nikafungua ukurasa uliofuata. Kumi na nane Juni. Wanafunzi wa uuguzi, ziara, watu kumi na tisa. Namba kumi na moja, jina la mke wangu, la usichana.

Namba kumi na mbili, jina langu.

Mwandiko naujua. Ndio huo huo anaoandika kwenye bahasha za dawa mpaka leo, herufi zimesimama wima. Kwenye maoni amechora mabano ya kuunganisha majina mawili, akaandika: Tumefika wote wawili.

Nilikaa chini. Jiwe lilikuwa baridi, sikulisikia. Nililia tena, na mara hii sikusingizia upepo, hata hakukuwa na mtu wa kumdanganya. Alijua. Tangu mwanzo alijua. Akapanda mwenyewe kuniandika.

Kisha akili zikanirudia. Kumi na nne, na kumi na nane. Nimo mara mbili! Katika siku nne! Nani anapanda kitu hiki mara mbili katika siku nne? Nikatafuta ufutio, hakuna. Nikasugua kwa mkate wa mke wangu. Jina likatapakaa kidogo, sasa linaonekana la kale kuliko yote. Nikatia mate. Hali ikawa mbaya zaidi. Hapo Kilomita akarudi.

Akasema shemeji, si uandike na ya leo, kila anayefika huandika. Nikaandika. Tarehe saba Agosti, chini kabisa, ukurasa wa mwisho. Ndiyo sahihi yangu pekee ya kweli humo ndani na hakuna atakayeijali.

Kushuka sisimulii. Nimeshuka kinyumenyume.

Ijumaa, 8 Agosti

Siwezi kukunja goti. Siwezi kunyoosha goti. Mke wangu kaomba ruhusa kazini, kaja na dawa ya kuchua na maji ya moto yenye chumvi. Akachua goti la kwanza, akachua la pili. Halafu akauliza, huku anatazama ukutani, kama kule juu nimeona kila kitu.

Nikasema nimeona.

Akacheka! Alicheka mpaka akakaa sakafuni, chupa ya dawa mkononi. Akasema aliuona mguu wa stuli siku ile ile ya kwanza, kwa sababu stuli yenyewe aliwahi kuikalia akipigwa picha ya kitambulisho cha chuo. Baba yake alikuwa hashikiki, kashasema mbele ya wazee, harudi nyuma. Naye aliona ipo siku mtu atakwenda kulifunua daftari. Chuo kilipopanga ziara akamwambia baba yake anakwenda mafunzo ya hospitali, akapanda. Alitapika mara mbili njiani. Akasema yule mwenye gari angeweza kabisa kufika kileleni, ila asingeweza kumchekesha, na maisha ni marefu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema alikuwa anafurahia yule tai.

Jamani, nilimshika mkono sikumwachia. Nimeoa mtu!

Kisha akaacha kucheka, akanitazama usoni vizuri kama anayesoma kipimajoto. Akauliza kama kule juu sikuandika upuuzi wowote.

Nimesema hapana.

Jumamosi, 9 Agosti

Uwanja umejaa pomoni. Bendera, ngoma, kwaya tatu zinaimba Mlima mmoja kwa sauti tofauti. Mlima wenyewe uko wazi tangu alfajiri, umekaa tu unatazamwa. Mimi jukwaani, nimevaa suti. Wamenipandisha watu wawili, ngazi ni tatu.

Mbio kaongoza Kilomita mpaka kileleni, na huo ndio ukawa mkosi wake, maana wa kwanza kufika ndiye anayebebeshwa daftari. Kilo nne! Aliyeshinda ni Muuza Maziwa, dada mmoja anayepandisha maziwa kwenye vibanda vya wageni kila asubuhi tangu akiwa msichana. Kaingia uwanjani hajatoka jasho, kauliza maji yako wapi. Watu walipiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Kilomita katoka wa tatu, anahema, na daftari mgongoni. Nilisimama kumpigia makofi kwa kusahau magoti. Nikarudi chini haraka.

Baba mkwe akavaa miwani. Akaanza kusoma. Kila jina na shangwe yake. Mwashi, makofi. Mwalimu wa hesabu, makofi. Marehemu dobi, watu wakasimama. Nilianza kuona uzuri wa jambo hili nikasahau kwamba nachinjwa.

Kumi na nne Juni. Akatua, kama alivyoahidi. Akasoma jina langu, akasoma na maoni, hali ya hewa nzuri. Uwanja ukalipuka. Niliinua mkono. Kwenye hema la huduma ya kwanza nikamwona mke wangu akigeuza kichwa polepole, akanitazama.

Sikuwahi kutazamwa vile. Nikashusha mkono.

Kumi na nane Juni. Mzee akasoma wauguzi kumi vizuri. Kwa wa kumi na moja akavua miwani, akaivaa tena. Akasogeza daftari mbali, akalisogeza karibu. Akasoma jina la binti yake. Akasoma langu. Akasoma tumefika wote wawili.

Kinyozi akasimama na kipaza sauti cha pili. Nilijua tu atasimama. Akasema anaomba kuelimishwa. Kumi na nne bwana huyu kapanda. Kumi na nane kapanda tena. Alisahau nini?

Watu wote wakanigeukia.

Mke wangu akatoka hemani na aproni yake nyeupe. Hakuhitaji kipaza sauti, ana sauti ya kuita wagonjwa. Akasema mara ya kwanza huyu bwana alikwenda kuangalia kama njia ni salama kwangu. Mara ya pili akanipeleka.

Wee! Nini kilitokea hapo siwezi kuandika. Wanawake wakapiga vigelegele, kofia zikarushwa juu, mabwana kadhaa wakabanwa mbavu na wake zao. Baba mkwe alinikumbatia na kipaza sauti katikati yetu kikipiga mluzi. Akasema alinitaka mara moja, nikampa mbili. Machozi yanamtoka kweli safari hii. Kinyozi kakaa chini.

Mke wangu akapita karibu kama anayekuja kunipongeza. Akanifinya mkono chini ya koti, kwa nguvu zote za muuguzi. Akauliza kwa kunong'ona ya kwanza imetoka wapi. Nikasema tutaongea nyumbani.

Tumeongea nyumbani. Sitaandika. Mwishoni alicheka, ila ilichukua muda.

Kuna jambo moja limebaki. Kusoma kulipokwisha, Kinyozi alinyanyuka tena, mtu yule hachoki. Akasema mwenyekiti, tumesoma wote lakini jina lako hatukulisikia. Baba mkwe akasema yeye alipanda zamani, kabla ya daftari hili. Kinyozi akauliza kama zamani hizo hakukuwa na daftari. Mzee akasema lilikuwapo. Akauliza liko wapi. Mzee akasema lilipotea kule kule juu. Kamati ikaazimia hapo hapo litafutwe.

Jumapili, 10 Agosti

Baba mkwe kaja asubuhi, kabla ya chai. Hajawahi kuja kwangu kabla ya chai. Akakaa kwenye stuli ya studio, akauangalia Mlima wa pazia, akauliza ni kwa nini kilele changu ni kimoja. Nikasema kutoka chini kinaonekana hivyo. Akasema ndiyo, kutoka chini.

Kisha akavunjika. Kasema mlima hupimwa kutoka chini, kwa vyombo, kwa pembe na hesabu. Aliupima kwa miezi minne na hakukosea hata mita moja. Kupanda hakuhitajika. Watu wakadhani kapanda, naye hakuwakatalia. Na siku ile mbele ya wazee alitafuta sharti ambalo hakuna kijana angelitimiza, kwa kuwa hakutaka kumtoa binti yake kwa yeyote. Sasa ana miaka sabini na minane, magoti yake hayapandi hata kitandani, na Kinyozi anapanga msafara wa kwenda kutafuta daftari ambalo halijawahi kuwapo. Kanishika mikono yote miwili. Akaniita mwanangu.

Nilimpenda mzee wangu kupita siku zote. Mtu mwema, mtu mzima, anatetemeka kwa uongo mmoja mdogo! Nikamwambia atulie. Nikamwambia amekuja kwa mtu anayefaa.

Sikiliza mpango. Hauna tundu. Daftari lililopotea litapatikana! Nimenunua dukani daftari jipya la kurasa mia mbili. Unachana jalada, unalowesha kila ukurasa kwenye chai kali, unaanika juani, unakuwa na ukurasa wa miaka arobaini. Majina yatakuwa ya marehemu tu, hawabishi. La mzee litaingia mara tatu, mara moja ni kidogo kwa mpima ardhi. Nikilimaliza, nalipeleka juu mwenyewe kabla ya msafara, nalifukia chini ya mawe. Kilomita akiuliza, nimesahau kofia. Magoti yatapona, msafara bado siku tatu nzima.

Mke wangu kanikuta uani mchana huu, karatasi zinaning'inia kwenye kamba ya nguo badala ya mashuka. Nikamweleza yote, kuanzia baba yake. Sikumficha kitu, hilo nilijifunza. Akashika kiuno, akauliza kama nimekumbuka kwamba miaka arobaini iliyopita chapa ya kiwanda hiki cha daftari haikuwapo, nayo imo chini ya kila ukurasa.

Sikuwa nimekumbuka. Tunaikata kwa mkasi sasa hivi, yeye upande ule, mimi upande huu. Zimebaki kurasa mia na sitini, na majani ya chai yamekwisha nyumba nzima.